Namna ya kuandaa orodha ya watu mashuhuri wa mji mdogo wa Austria: mfano wa Steyr

Katika makala za miji, sehemu ya watu mashuhuri ndiyo huharibika kwanza. Huyu anaongeza jina, yule anaongeza jingine, na baada ya muda hakuna anayeweza kusema nani alizaliwa pale, nani alisoma pale, na nani alipita tu. Mwongozo huu ni kwa anayeandika makala ya Wikipedia ya Kiswahili, kitini cha darasa au jarida, na anataka orodha inayostahimili kuulizwa maswali. Mfano wetu ni Steyr, kwa sababu mji huu una karibu kila aina ya mtego unaoukuta katika miji midogo ya Austria.

Kanuni moja inabeba kazi yote: andika uhusiano wa mtu na mji kabla ya kuandika umaarufu wake. Ukishindwa kueleza uhusiano huo kwa maneno sita au saba, jina hilo halijawa tayari kuingia.

Anza na ramani

Steyr uko katika jimbo la Oberösterreich, pale mto Steyr unapoingia mto Enns. Una wakazi wapatao 38,000, na ni wa tatu kwa ukubwa katika jimbo hilo baada ya Linz na Wels. Ni mji unaojitawala wenyewe kama wilaya. Wilaya iliyo kando yake inaitwa Steyr-Land, na hiyo si sehemu ya mji. Mtu aliyezaliwa Garsten au Sierning amezaliwa Steyr-Land, hata kama kutoka kwao hadi uwanja mkuu wa Steyr ni mwendo mfupi.

Kisha angalia jina lenyewe. Neno Steyr linaweza kuwa mji, mto, au kampuni ya magari, matrekta na silaha iliyotokana na mji huo. Nyaraka za zamani huliandika pia Steyer na Steier. Kuna na Steiermark, jimbo jingine kabisa, lililopata jina lake kutokana na watawala waliokuwa na makao katika ngome ya Steyr. Kwa hiyo ukitafuta kwa kompyuta "mzaliwa wa Steier", majibu yatakuja yamechanganyika, na sehemu kubwa ya watu wa Steiermark hawahusiani na mji wako.

Mfano unaonasa wengi ni mwimbaji Johann Michael Vogl, aliyezaliwa tarehe 10 Agosti 1768. Vitabu vinasema alizaliwa Ennsdorf. Ukifungua ramani ya leo utaona manispaa ya Ennsdorf katika jimbo la Niederösterreich, karibu na mji wa Enns, na utashawishika kumwondoa. Usimwondoe. Ennsdorf yake ilikuwa kitongoji ng'ambo ya mto Enns, na leo ni mtaa wa Steyr. Kila unapokutana na jina la kijiji, uliza maswali mawili: lipo wapi kwenye ramani ya wakati ule, na liko ndani ya mpaka upi leo? Majibu yote mawili yaandike kwenye jedwali lako, si lile linalokupendeza tu.

Gawa watu kwa uhusiano wao

Usitumie mafungu ya kazi, yaani wanamuziki, wanasiasa, wanamichezo. Mafungu hayo yanaficha kile ambacho msomaji anataka kujua kuhusu mji. Tumia uhusiano: waliozaliwa mjini, waliokulia au kusoma mjini, walioishi na kufanya kazi humo, wageni walioacha alama inayothibitishwa, na raia wa heshima waliotunukiwa na baraza la mji.

Fungu la kwanza ndilo jepesi. Kwa Steyr utakuwa na Aloys Blumauer (1755–1798), mshairi aliyegeuza utenzi wa Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kuwa kichekesho. Johann Mayrhofer (1787–1836), mshairi ambaye Franz Schubert alitunga nyimbo zaidi ya 40 kutokana na maneno yake. Ferdinand Redtenbacher (1809–1863), mhandisi mitambo. Josef Werndl (1831–1889), mwenye kiwanda cha silaha. Na Erich Hackl (amezaliwa 1954), mwandishi.

Fungu la tatu linahitaji miaka. Marlen Haushofer, mwandishi wa riwaya ya Die Wand ya mwaka 1963, huandikwa mara nyingi kama "mwandishi kutoka Steyr". Alizaliwa mwaka 1920 Frauenstein, katika manispaa ya Molln, na ni baada ya vita ndipo alipohamia Steyr na kuishi huko na familia yake. Alifia Vienna mwaka 1970. Enrica von Handel-Mazzetti alizaliwa Vienna mwaka 1871, akaishi Steyr kuanzia 1905 hadi 1911. Ukiandika "aliishi Steyr" bila miaka, msomaji atadhani ni maisha yake yote.

Hapo hapo ndipo wanapokaa wahandisi wa magari. Hans Ledwinka, mzaliwa wa Klosterneuburg, ndiye aliyebuni gari la kwanza la kiwanda cha Steyr, lililoanza kutengenezwa mwaka 1920. Ferdinand Porsche alikuwa mkurugenzi wa ufundi wa kiwanda hicho kuanzia 1929, kwa muda mfupi sana. Anaingia, lakini ufupi huo lazima uonekane. Ferdinand Mannlicher anahitaji uangalifu zaidi: bunduki zake zilitengenezwa Steyr kwa wingi, ila yeye alizaliwa Brüx, huko Bohemia, mwaka 1848 na kufia Vienna mwaka 1904. Uhusiano wake ni wa kazi zake na kiwanda, basi andika hivyo.

Fungu la wageni ndilo hujaa upesi kuliko yote, kwa hiyo liwekee mlango mwembamba. Kulala usiku mmoja hakutoshi. Franz Schubert anaingia: alikwenda Steyr mwaka 1819, 1823 na 1825, na ni Sylvester Paumgartner wa Steyr, ofisa wa migodi aliyependa kupiga selo, aliyemwomba muziki wa ala tano ambao leo unaitwa Forellenquintett. Anton Bruckner anaingia: katika miaka yake ya mwisho alikuwa akikaa majira ya joto katika nyumba ya paroko wa Steyr, akiendelea na simfonia zake na kupiga kinanda kikubwa cha kanisa la mji. Alizaliwa Ansfelden mwaka 1824 na amezikwa St. Florian, kwa hiyo hana nafasi katika mafungu mengine.

Kuhusu Schubert, epuka sentensi inayonakiliwa kila mahali kwamba alitunga Forellenquintett akiwa Steyr. Ombi lilitoka Steyr. Hilo halina ubishi. Mahali alipokaa kuandika noti ni jambo jingine, na muswada wake wa asili umepotea. "Uliombwa na Paumgartner wa Steyr" ni kauli salama na inaeleza zaidi.

Kukusanya majina

Kwa mji wa ukubwa huu, kusanya majina 60 hadi 80 kwanza, ukijua yatakayobaki ni 30 au 40. Andaa jedwali la safu nane: jina kamili, jina la kuzaliwa, tarehe na mahali pa kuzaliwa, tarehe na mahali pa kufa, uhusiano na mji, miaka ya uhusiano huo, chanzo cha kwanza, chanzo cha pili. Safu ya jina la kuzaliwa isiachwe kwa uvivu. Haushofer alizaliwa Marie Helene Frauendorfer. Ukimtafuta kwenye kumbukumbu za utotoni kwa jina la ndoa hutapata kitu, na wanawake wengi hupotea kwenye orodha za namna hii kwa sababu hiyo tu.

Chanzo cha haraka ni Wikidata, hifadhidata huria inayoendana na Wikipedia. Tafuta watu ambao P19 (mahali pa kuzaliwa), P20 (mahali pa kufa), P551 (makazi), P69 (alikosoma) au P937 (alikofanyia kazi) ni Steyr. Wengi huuliza P19 peke yake, na matokeo yake ni orodha isiyo na Haushofer wala Bruckner. Kumbuka pia kwamba maelezo mengi ya Wikidata yameingizwa na programu kutoka kwenye kurasa nyingine. Ni njia ya kupata jina, si ushahidi.

Baada ya hapo ingia kwenye kamusi za wasifu. Kwa watu wa kabla ya 1891 fungua kamusi ya Constantin von Wurzbach, iliyotolewa kwa juzuu 60 kati ya 1856 na 1891. Kwa waliofanya kazi baada ya 1815 tumia Österreichisches Biographisches Lexikon. Zote mbili zinasomeka bure kwenye intaneti. Wurzbach ana habari nyingi kuliko mtu yeyote, lakini alitegemea magazeti na barua za watu, na tarehe zake hukosea mara kwa mara. Mchukulie kama shahidi mmoja tu. Kwa karne ya 16 na kurudi nyuma, Steyr ina bahati ya kuwa na kumbukumbu za Valentin Preuenhuber, zilizochapishwa Nürnberg mwaka 1740 kwa jina la Annales Styrenses.

Magazeti ya zamani yamo ANNO, hazina ya magazeti ya Maktaba ya Taifa ya Austria. Yamechapwa kwa herufi za Fraktur, ambamo s ndefu inafanana na f, na kompyuta huzisoma vibaya. Ukikosa matokeo kwa "Josef Werndl", jaribu "Jofef Werndl". Tafuta pia kwa jina la ukoo na neno moja la kazi yake, kisha kwa siku tatu baada ya tarehe ya kifo, kwa kuwa tangazo la msiba hutaja umri, mahali na ndugu.

Kuhakiki, hasa majina yanayofanana

Kila mstari unahitaji vyanzo viwili visivyonakiliana. Makala ya Wikipedia ya Kijerumani na ya Kiingereza zikisema kitu kimoja kwa mpangilio mmoja, hesabu moja tu.

Chukua ukoo wa Redtenbacher uone kosa linavyozaliwa. Ferdinand, mhandisi aliyefundisha Karlsruhe kuanzia 1841 na kuufanya ubunifu wa mashine uwe somo la kisayansi, alizaliwa Steyr tarehe 25 Julai 1809. Josef Redtenbacher, mkemia, alizaliwa 1810. Ludwig Redtenbacher, bingwa wa mende na wadudu wengine, alizaliwa 1814. Majina yanalingana, miaka inakaribiana, wote ni wanasayansi, na wote wanatoka Oberösterreich. Lakini Josef na Ludwig ni ndugu waliozaliwa Kirchdorf an der Krems, si Steyr. Mtu akiona "Redtenbacher, mwanasayansi" huwabeba wote watatu. Dawa yake ni namba ya GND, ambayo Maktaba ya Taifa ya Ujerumani humpa kila mtu yake. Iandike kwenye jedwali. Majina mawili yakiwa na namba moja ni mtu mmoja, na namba tofauti kwa kawaida ni watu tofauti.

Tarehe yenye mgogoro humalizwa na kitabu cha ubatizo. Vitabu vya parokia za jimbo katoliki la Linz vinatazamwa bure kwenye tovuti ya Matricula. Steyr ina zaidi ya parokia moja, kwa hiyo usipomwona mtu kwenye Stadtpfarre, yaani parokia ya mjini, mtafute St. Michael, parokia ya vitongoji vya ng'ambo ya mto Steyr. Parokia ndizo zilizokuwa zikiandikisha vizazi vya Wakatoliki kwa niaba ya serikali. Ofisi za kiraia zilichukua kazi hiyo kuanzia 1 Januari 1939. Kumbukumbu za kuzaliwa hufungwa kwa miaka 100, za ndoa 75, za vifo 30. Ukifika kwenye mipaka hiyo, usipoteze muda kutafuta picha ambayo haiwezi kuwekwa wazi.

Maandishi ni ya Kurrent, mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zamani, na yanazoeleka baada ya kurasa chache. Kinachotuangusha sisi zaidi ni miezi. 7ber si mwezi wa saba: ni Septemba. 8ber ni Oktoba, 9ber ni Novemba, na 10ber au Xber ni Desemba. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kusema mwezi wa saba, anaikosea 7ber bila hata kushtuka. Jänner na Feber ni Januari na Februari za Waaustria. Alama ya nyota au geb. ni kuzaliwa, get. ni kubatizwa, msalaba au gest. ni kufa. Kwa watu wa karne ya 17 na 18 mara nyingi tarehe iliyobaki ni ya ubatizo tu. Hapo andika "alibatizwa" na usiigeuze kuwa ya kuzaliwa.

Kwa watu wa sasa mtego ni hospitali. Hospitali kubwa ya eneo hilo iko Steyr, na akina mama wa vijiji vya kando hujifungulia humo. Mchezaji mpira ambaye cheti chake kinasema Steyr huenda amekulia kijiji cha mbali na hajawahi kuishi mjini. Andika "alizaliwa Steyr, alikulia" na jina la kijiji, ukiwa na chanzo kilichochapishwa. Kwa walio hai, mwaka wa kuzaliwa unatosha. Anwani, watoto na mambo ya ndoa havihusiki.

Kuandika mstari

Mstari mzuri una maneno 20 hadi 35. Unataja jina, mahali na tarehe za kuzaliwa na kufa, kazi moja, kisha uhusiano. Huu hapa wa Werndl:

Josef Werndl (Steyr, 26 Februari 1831 – Steyr, 29 Aprili 1889), mwenye kiwanda. Bunduki yake ilipokewa na jeshi la Austria mwaka 1867, na kampuni yake ya silaha ndiyo iliyoufanya Steyr mji wa viwanda.

Haina haja ya kumwita gwiji wala nguli. Ukitaka kuongeza, ongeza jambo linaloonekana: mwaka 1884 aliandaa maonyesho ya umeme, na mitaa ya mji ikawashwa taa za umeme wakati miji mingi bado ilikuwa ya gesi na mafuta.

Majina ya watu yabaki kama yalivyo, pamoja na ä, ö, ü na ß. Usiandike Josef kuwa Yosefu. Yosefu Werndl hatafutiki popote. Miji yenye jina jipya iandike kwa jina la wakati ule na la leo kwenye mabano: Brüx (leo Most, Ucheki). Neno "von" halihesabiwi kwenye kupanga, kwa hiyo Handel-Mazzetti yuko H. Austria ilifuta vyeo vya ukabaila mwaka 1919; baada ya hapo hati rasmi hazina "von", ingawa vitabu viliendelea kuwa nayo, na hilo si kosa la kusahihisha.

Vyeo vinapotosha sana. Hofrat ni heshima anayopewa mtumishi wa umma, wala si diwani wa mahakama. Kommerzialrat ni heshima ya mfanyabiashara, si mjumbe wa baraza lolote. Professor huko Austria anaweza kuwa mwalimu wa sekondari, au msanii aliyetunukiwa cheo hicho na rais. Kabla ya kuandika "profesa wa chuo kikuu", tafuta jina la chuo. Usipolipata, andika kazi: mwalimu, mchoraji, mwandishi.

Panga kila fungu kwa mwaka wa kuzaliwa, si kwa alfabeti. Msomaji ataona mwenyewe mji ulivyotoka kwenye ufuaji wa visu na biashara ya chuma kuingia kwenye viwanda vikubwa.

Majina mazito

Adolf Hitler alisoma sekondari Steyr katika mwaka wa masomo 1904–1905. Alizaliwa Braunau am Inn na kabla ya hapo alisoma Linz. Wapo wanaofuta jina lake kwa kuulinda mji, na wapo wanaoliweka juu kabisa kwa kutafuta wasomaji. Yote mawili yanapotosha. Mahali pake ni fungu la waliosoma mjini, mstari mmoja wenye mwaka, bila picha.

Kipindi cha 1938–1945 kinataka uaminifu zaidi kwenye orodha ya wakurugenzi wa kiwanda. Georg Meindl alikuwa mkurugenzi mkuu wa Steyr-Daimler-Puch na mwanachama wa SS, kikosi cha chama cha Nazi, na alishinikiza wafungwa wa kambi za mateso wapelekwe kufanya kazi viwandani. Kambi tanzu ya Mauthausen ilifunguliwa Steyr-Münichholz mwaka 1942. Ukimwandika Meindl kama "mkurugenzi" na kuishia hapo, umeandika uongo kwa kunyamaza. Vivyo hivyo kwa Petrus Zwicker, mchunguzi wa uzushi aliyeendesha kesi za Wavaldo, Wakristo waliohesabiwa na Kanisa kuwa wazushi, mjini katika miaka ya 1390: taja kwamba watu walichomwa moto kutokana na hukumu zake.

Kabla ya kuchapisha

Pitia jedwali mara moja kwa ajili ya tarehe peke yake, bila kusoma kitu kingine. Toa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka wa kufa. Umri wa 12 au 118 unaonyesha tarakimu iliyopinda. Kisha pitia mara ya pili kwa ajili ya uhusiano: funika jina kwa kidole, soma kilichobaki, ujiulize kama bado kinaueleza mji wa Steyr. Mstari wa Porsche ukifunikwa jina na kubaki na sifa za magari ya Ujerumani tu, uandike upya.

Kwenye Wikipedia ya Kiswahili weka tanbihi kwenye kila mstari, si moja chini ya orodha nzima, kwa sababu mistari huhamishwa na tanbihi ya jumla hubaki imeelea. Kwa mtu atakayepata makala yake mwenyewe, ongeza jamii za mwaka, kwa mfano Waliozaliwa 1831 na Waliofariki 1889, na uiunganishe na Wikidata siku hiyo hiyo ili asije mwingine akafungua makala ya pili ya mtu yule yule. Acha maelezo mafupi kwenye ukurasa wa majadiliano: mpaka wa mji uliotumia, mafungu matano ya uhusiano, na majina uliyoyakataa pamoja na sababu. Hapo ndipo Josef na Ludwig Redtenbacher wanapotakiwa kuandikwa, kwa kuwa kuna atakayekuja kuwaongeza.